Nilimwaga kila kitu kwenye ndoo moja, kuku wakagoma kunywa

Makundi mawili ya kwanza ya kuku wa nyama yalinidanganya. Vifaranga 400 kila kundi, siku 42, wanatoka bandani wamejaa, nami natembea kifua mbele kama fundi. Sikuwa najua lolote. Ni hali ya hewa tu iliyonibeba. Kundi la tatu likaingia wakati wa joto, na shule yangu ya utumbo wa kuku na antioksidanti, vitu vya kuulinda, ikaanza hapo.

Wiki mbili za mwanzo hazikuwa na neno. Wiki ya tatu nikaona kinyesi kimelegea, kina ute wa rangi ya chungwa, na ndani yake chembe za mahindi zimetoka kama zilivyoingia. Maranda yakaanza kulowa, kwanza kuzunguka vyombo vya maji, kisha banda zima, hadi ukikanyaga kiatu kinanyanyuka na donge. Kuku wenyewe hawakuonekana wagonjwa wa kulala. Walikula, na maji walikunywa kupita kawaida. Ila hawakulingana: huyu kama bata, mwenzake waliyeingia siku moja kama njiwa.

Nikakimbilia antibiotiki. Sikupima kinyesi, sikumwita mtu, nilitia tu dawa kwenye maji kwa siku 5. Kinyesi kikakaza, nikashangilia. Siku ya nane tukarudi palepale, safari hii nikiwa nimepoteza pesa ya dawa na pia siku za kusubiri kabla kuku hawajaruhusiwa kuliwa, siku ambazo wanaendelea kula chakula bila kunenepa. Hesabu ya mwisho ya kundi lile ilimeza faida yote ya makundi mawili yaliyotangulia. Nasema hivi ili ieleweke kwamba yanayofuata sikuyajifunza kwa kupenda kusoma.

Daktari wa mifugo aliyekuja ni mama mtu mzima, hana maneno mengi. Alichagua kuku watatu, mnene, wa kati na mmoja wa wale vibeti, akawachinja, akawapasua juu ya ubao. Utumbo mwembamba wa kibeti ulikuwa kama mfuko wa nailoni uliotiwa maji, kidole kinaonekana upande wa pili. Akaukata kwa urefu, akausuuza, akausogeza mbele yangu.

"Pitisha kidole, mwanangu. Sasa pitisha kwenye huu wa mnene."

Wa mnene ulikuwa kama taulo. Wa kibeti ulikuwa kama mpira wa baiskeli.

Ule utaulo, akanieleza, ni vijidole vidogo sana vilivyosimama ndani ya utumbo, ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikifa au vikifupika, kuku anakula kama wenzake lakini chakula kinapita tu. Kisha akauliza chakula kilipo. Nikampeleka stoo. Akatia mkono hadi katikati ya gunia, akatoa konzi moja, akanipa ninuse. Ilikuwa harufu ya kopo la rangi lililoachwa wazi. Nilikuwa naipita kila asubuhi, nikidhani ndiyo harufu ya unga wa samaki.

"Hayo ni mafuta yaliyochacha," akasema. "Umewalisha kutu."

Nilichanganya chakula kile mwenyewe ili kupunguza gharama: mahindi, mashudu, unga wa samaki na pumba nyingi za mpunga. Nilichanganya cha miezi miwili kwa mkupuo, nikakirundika chini ya bati. Baadaye nikajua kwamba pumba za mpunga ni katika vitu vinavyochacha upesi kuliko vyote stoo, kwa sababu mpunga ukishakobolewa kimeng'enya kilichomo kwenye pumba hukutana na mafuta yake na kuanza kuyavunja siku hiyohiyo. Unga wa samaki nao una mafuta mepesi yanayoshambuliwa haraka na hewa. Ukisaga, umeongeza eneo la kugusana na hewa. Ukiweka chini ya bati la moto, umechochea.

Neno "kutu" lilinisaidia kuliko maelezo yote niliyoyasoma baadaye. Kinachotokea kwenye mafuta ya chakula hutokea pia kwenye mafuta ya mwili, kwa sababu ukuta wa kila seli umejengwa kwa mafuta. Molekuli iliyopungukiwa na elektroni moja haitulii. Inapora ya jirani, jirani naye anapora ya mwenzake, mnyororo unaendelea hadi apatikane wa kutoa bila kugeuka mporaji. Huyo wa kutoa ndiye antioksidanti.

Na utumbo ndio unaoumia kwanza. Kati ya chakula, na vijidudu vyote vilivyomo, na damu ya kuku, pana safu moja tu ya seli, na safu hiyo hujengwa upya kila baada ya siku chache. Seli zinazozaliwa kwa kasi hiyo zinahitaji malighafi safi kila saa. Sasa ongeza joto. Kuku hatoi jasho. Anahema mdomo wazi, na mwili unasukuma damu kwenye ngozi ili ipoe. Damu hiyo utumbo ndio unaonyang'anywa. Utumbo unakosa hewa, seli zinaanza kuzalisha waporaji wengi kuliko zinavyoweza kuwazima, na viungio vinavyobana seli na seli vinalegea. Sumu za bakteria zinapenya kuingia kwenye damu, kinga ya mwili inakuja kupigana, na silaha ya kinga ni waporaji walewale. Moto unazimwa kwa petroli. Nami juu ya yote hayo nilikuwa nawalisha mafuta yaliyokwisha kuchacha.

Daktari aliniachia maagizo mawili: tupa chakula hiki, na punguza joto bandani. Antioksidanti alizitaja mlangoni akiondoka, kwamba tutazungumza baadaye. Mimi nikalishika lile la mlangoni.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa mwanafunzi wa intaneti. Kitunguu saumu kina antioksidanti. Manjano yana antioksidanti. Mlonge, majani ya chai, vitamini C, vitamini E, madini ya seleni, vyote vina sifa. Nikapiga hesabu ya kitoto: kama kimoja kinazuia kutu, sita vitazuia mara sita. Nikaponda vitunguu saumu, nikatia manjano, nikachemsha majani ya chai hadi yakawa meusi, nikaongeza unga wa mlonge, vitamini C, na pakiti ya mchanganyiko wa vitamini na madini uliokuwa na chuma, shaba na seleni. Ndoo moja. Nikakoroga kwa mwiko.

Nikawapa asubuhi. Saa nne maji yalikuwa yamegeuka kahawia iliyokolea, povu juu, machicha chini. Kuku wanakuja, wanachovya mdomo, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Nikajiambia watazoea. Mchana joto likapanda, nami nimeng'ang'ania watazoea. Kuku wa nyama asiyekunywa wakati wa joto hana akiba. Jioni nilizika 11.

Hao 11 siwezi kumsingizia mtu yeyote. Kama kuna jambo moja utakalochukua humu, liwe hili: kitu chochote kipya kwenye maji, weka pia chombo cha maji matupu pembeni, na uangalie wanaenda wapi. Wakikimbilia matupu, wamekujibu.

Niliporudi kwa daktari nimeinamisha kichwa, aliniomba nimtajie vilivyokuwa ndani ya ndoo, kimoja kimoja, akawa anaandika. Kisha akaanza kufuta.

Vitamini C na chuma kwenye maji yaleyale: akafuta vyote viwili. Chuma kina tabia ya kugeukageuka kati ya hali mbili, na vitamini C humsaidia kugeuka. Wakikutana kwenye maji yenye hewa, wanatengeneza waporaji wakali kuliko uliotaka kuwazuia. Nilikuwa nimetengeneza kiwanda cha kutu nikakiita tiba. Shaba nayo huharibu vitamini C, na klorini ya kwenye maji ya bomba huiharibu, na mwanga wa jua huiharibu. Hiyo vitamini C yangu haikufika saa nne.

Chai: tanini zake hushika protini na chuma, na zikizidi zinapunguza mmeng'enyo, tena huo ndio uchungu uliowafukuza kuku. Seleni: premiksi ya chakula, ule mchanganyiko wa vitamini na madini unaotiwa kwenye chakula, tayari ilikuwa nayo, kwa hiyo nimeizidisha bila kujua, na hii si ya kuchezea kwa sababu kati ya kiasi kinachofaa na kiasi kinachodhuru pana nafasi ndogo. Sheria za Marekani haziruhusu kuongeza zaidi ya miligramu 0.3 kwa kilo ya chakula. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa jumla wa miligramu 0.5. Mtu anayemwaga kwa kijiko cha kukadiria hana habari yuko wapi. Siku hizi nikishika pakiti yoyote mpya, kwanza natafuta seleni kwenye lebo, kisha nasoma lebo ya premiksi yangu, ndipo naamua.

Nikamuuliza basi kuchanganya ni kosa? Akasema hapana, kuchanganya ndiyo maana yenyewe, ila sikuwa nimechanganya, nilikuwa nimerundika. Hapo ndipo alipochora kwenye bahasha picha ambayo ninayo hadi leo.

Fikiria mafundi wanaorushiana tofali la moto. Wa kwanza ni vitamini E. Yeye ni wa mafuta, kwa hiyo makazi yake ni ndani ya ukuta wa seli, mahali ambapo mnyororo wa uporaji unakimbia. Anadaka tofali, mnyororo unakatika. Lakini sasa yeye ndiye mwenye tofali mkononi. Anamrushia vitamini C, ambaye ni wa maji na anasimama nje tu ya ukuta. Vitamini C anampokeza glutathioni, ambayo mwili hujitengenezea kutokana na protini. Wakati huohuo kuna vimeng'enya vyenye seleni ndani yake, ambavyo vinaokota matofali yaliyokwisha kudondoka, yaani mafuta yaliyoharibika na haidrojeni peroksaidi, na kuyafanya yasiyodhuru. Mwondoe mmoja, tofali linaanguka. Mwongeze mmoja mara kumi, anasimama na mikono imejaa hana wa kumrushia. Vitamini E ikizidi sana huanza hata kubanana na vitamini A, D na K kwenye kufyonzwa, maana zote zinapita mlango wa mafuta.

Kinachonishangaza ni kwamba watu walichukua nusu karne kuona safu hiyo. Vitamini E iligunduliwa mwaka 1922 kwenye panya walioshindwa kuzaa. Seleni ilijulikana kama sumu ya mifugo hadi 1957, ilipoonekana kwamba kidogo chake kinazuia ini la panya lisife. Mwaka 1973 ndipo ikathibitika kwamba seleni ni sehemu ya kimeng'enya kile cha kuokota matofali. Kwa hiyo nilijisamehe kidogo.

Na mimea je? Manjano, zaatari, oregano, mabaki ya zabibu, chai, hivi vina polifenoli, kemikali za mimea zenye kazi ya antioksidanti, na jamaa zake. Nyingi zina sifa moja inayowaudhi watafiti wa tiba za binadamu: zinafyonzwa vibaya, hazifiki kwenye damu kwa wingi. Lakini kwangu mimi ninayetaka kulinda utumbo, kasoro hiyo ni neema, maana zinabaki utumboni, zinafanya kazi palepale ukutani, na zikifika chini bakteria wanazikatakata na kuzitumia. Mafuta ya zaatari na oregano ni tofauti kidogo. Hayo hufyonzwa mapema huko juu, ndiyo maana watengenezaji wengine huyafunika kwa mafuta magumu ili yasafiri mbali zaidi.

Kundi la nne nilianza upya, na karibu nusu ya niliyofanya haikuwa ya kununua. Chakula nikachanganya cha wiki mbili tu. Pumba nikapunguza, na ninazonunua nauliza zimekobolewa lini. Muuzaji asiyejua, naondoka. Magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, stoo ina tundu la hewa. Premiksi ya vitamini inakaa peke yake hadi siku ya kuchanganya, kwa sababu madini ya shaba na chuma yakilala na vitamini kwenye mfuko mmoja wakati wa joto na unyevu, vitamini zinakwisha taratibu huku lebo ikiendelea kusema zipo. Bomba la maji nikalizika ardhini ili maji yasipate moto. Saa za joto kali naondoa chakula kabla halijapanda, maana kumeng'enya nako kunazalisha joto, nawarudishia jua likipoa.

Baada ya hapo tu ndipo nikaingiza walinzi, mmoja mmoja.

Vitamini E niliitia kwenye chakula. Hapa nilikosea tena, kosa la mtu anayedhani sasa ameelewa. Niliamini vitamini E iliyomo itazuia pia gunia lisichache. Kumbe ile inayouzwa kwa wingi imefungwa na asetati ili isiharibike ikiwa mfukoni, na kifungo hicho hufunguliwa ndani ya utumbo wa mnyama. Ikiwa bado imo guniani, kifungo hakijafunguliwa, kwa hiyo haizuii chochote. Kuzuia gunia lisichache kunahitaji kitu kingine, kama tokoferoli za asili (vitamini E yenyewe) zisizofungwa au dondoo ya rosmari, na hata hivyo viwekwe mapema. Mafuta yakishachacha hakuna cha kuyarudisha. Jambo jingine la kwenye lebo: miligramu 1 ya vitamini E ya asili isiyofungwa huhesabiwa uniti 1.49, na miligramu 1 ya ile ya kutengenezwa yenye asetati huhesabiwa uniti 1. Ukilinganisha bei kwa uzito peke yake utalinganisha vitu viwili tofauti.

Vitamini C natumia siku za joto tu. Kuku hujitengenezea yake kwenye figo, siku za kawaida hahitaji yangu, ila joto likibana uzalishaji haukidhi. Naikoroga kwenye chombo cha plastiki, kwa maji niliyoyaacha wazi usiku kucha klorini ipungue, kivulini, kiasi cha kuisha ndani ya saa mbili tatu, kisha maji matupu. Chuma hakisogei karibu siku hiyo.

Upande wa mimea nikachagua mmoja, manjano, basi. Nanunua mizizi nakausha kivulini na kusaga mwenyewe, maana manjano ya unga yamewahi kukutwa yametiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na sitaki risasi kwenye nyama ninayouzia watu. Unga wa manjano una kurkumini, kile kiini chake kinachofanya kazi, asilimia chache tu, kwenye 3 hivi, kwa hiyo viwango vinavyoandikwa kwenye tafiti za dondoo safi usivihamishie kwenye unga kijiko kwa kijiko. Nachanganya kwenye chakula, sitii tena kwenye maji. Nipo tayari kubishana na yeyote kuhusu vitunguu saumu vilivyopondwa na kutiwa kwenye maji ya mabomba ya chuchu, yale ambayo kuku hudonoa ncha yake ili anywe: vinaziba chuchu, na chuchu iliyoziba ni kuku mwenye kiu.

Ili nisijidanganye tena, niligawa banda kwa wavu katikati. Kuku 200 kushoto wakapata kila kitu, 200 kulia wakapata usimamizi uleule bila manjano wala nyongeza ya vitamini E na C. Kila wiki nilipima kuku 20 kila upande, nikaandika kwenye daftari, na nikawa nashika konzi ya maranda na kuibana: ikishikana na kubaki donge, imelowa, ikitawanyika, ni nzuri.

Kushoto wakawa bora. Maranda makavu, vibeti wachache, uzito umezidi kidogo. Nilimpigia daktari kwa furaha. Akauliza swali moja: upepo unaingia upande gani? Nikanyamaza. Unaingia kushoto.

Kundi la tano nikabadilisha pande. Wenye nyongeza wakahamia kulia. Tofauti ya uzito ikawa ndogo kiasi kwamba siku nikipima kuku wawili wazito zaidi inapotea. Iliyobaki ni ile ya maranda na ya kulingana kwa kuku, na ilionekana zaidi wiki ile moja ya joto kali kuliko wiki nyingine zote. Kwa hiyo nimebaki na maoni haya, na ni ya mfugaji mmoja mwenye banda moja: chakula kisichochacha na hewa bandani vilinipa sehemu kubwa ya nafuu. Nyongeza zilinipa kidogo, na kidogo hicho nakilipia msimu wa joto, siku za kuhamisha au kuchanja, na wiki ya kubadilisha aina ya chakula. Mwaka mzima, hapana.

Kundi la sita nilijivuna tena. Siku ya 24 nikaona damu kwenye kinyesi. Nikasema ni utumbo umechoka, nikazidisha manjano siku mbili. Ilikuwa kuhara damu, koksidiosisi, kimelea kinachoitwa Eimeria kinachozaliana ndani ya seli za utumbo na kuzipasua. Kweli uharibifu wake huambatana na ile kutu, na kweli walinzi husaidia utumbo kupona, lakini hakuna manjano yatakayomwondoa Eimeria kwa kuku mgonjwa. Siku mbili hizo zilinigharimu kuku 9. Daktari akatoa amproli, nami kwa wema wangu nikaongeza vitamini mchanganyiko kwenye maji yaleyale ili wapate nguvu. Akanikuta nakoroga. Amproli hufanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1 ili kimelea kikose ya kweli. Ukimwaga B1 juu yake, umekipa kimelea chakula na kuidhoofisha dawa. Vitamini zikasubiri hadi dawa iishe.

Makopo mengi huandika "huondoa sumu mwilini", na maneno hayo yalinipotosha muda mrefu. Antioksidanti haitoi sumukuvu kwenye mahindi mabovu, wala haiui mdudu. Inapunguza madhara ya kutu, basi. Mahindi yenye ukungu nayatupa.

Wanaoniuliza kuhusu wanyama wengine nawajibu kwa tahadhari, maana mimi ni wa kuku. Nilichokiona kwa jirani mwenye nguruwe ni kwamba shida yao kubwa huja siku za kuachishwa kunyonya: kitoto kinagoma kula siku moja mbili, na vile vijidole vya utumbo vinafupika ndani ya muda huohuo. Yeye alipata nafuu zaidi kwa kuwazoesha chakula kikavu kabla ya kuwaachisha na kuwapa chakula kipya cha siku hiyo kuliko kwa unga wowote. Kuhusu wanaocheua nina makatazo mawili. Vitunguu vingi, hasa maji, huharibu chembe nyekundu za damu za ng'ombe, na vikiliwa na wa maziwa ladha inahamia kwenye maziwa. Na premiksi ya kuku au nguruwe isiende kwa kondoo, kwa sababu shaba iliyomo ni nyingi kwake na inajilimbikiza kwenye ini kimyakimya hadi siku aanguke. Rafiki yangu alitaka kuwapa kondoo wake masalio ya chakula changu, na nilikuwa nimeshamfungia gunia kabla sijakumbuka. Nikamfuata njiani.

Juzi kuku mmoja wa kundi hili alibanwa na mlango akafa. Siku hizi siziki kuku bila kumpasua. Nikakata utumbo kwa urefu, nikausuuza, nikapitisha kidole kama nilivyofundishwa. Taulo, kuanzia juu hadi karibu na mwisho. Pale mwisho, kwenye vile vifuko viwili, kulikuwa na madoa mekundu matatu madogo kama ncha ya sindano. Kinyesi bado ni kigumu, maranda bado yanatawanyika mkononi. Nimekusanya sampuli kutoka pembe nne za banda, imo kwenye chupa, na asubuhi inakwenda kupimwa kabla sijagusa manjano wala kitu kingine chochote.